TUCHIMBE KWANZA, DAWA BAADAYE

Maoni yetu juu ya matundu ya viazi vya shamba jipya

Ndugu wanachama wa Ushirika na wananchi wote wa kijiji,

Mvua zinaelekea mwisho, viazi vya shamba jipya vimekwisha kuvunwa, na sasa maneno ni mengi kuliko magunia. Kisimani, mashineni, kilabuni, kila unakopita habari ni ile ile: viazi vina matundu. Mnunuzi alipasua viazi vichache, akatikisa kichwa, akapakia nusu na nusu akatuachia. Hasara hiyo ni ya wote, maana shamba ni letu sote na mbegu ilinunuliwa kwa hisa zetu.

Hasara tunaijua. Kinachotusumbua ni kwamba majibu yametolewa kabla ya swali kuulizwa. Wapo wanaosema mbegu ilikuwa mbovu, kwa hiyo kikundi cha akina mama kilichotuuzia mbegu kisilipwe fedha yake iliyobaki. Wapo wanaosema ile dawa ya unga iliyolala ghalani miaka na miaka itolewe, imwagwe shambani. Na wapo wanaosema fedha ya mfuko inunue dawa mpya, yoyote ile, mradi iwe kali. Mambo haya matatu yataletwa mbele ya Mkutano Mkuu, na kila mwanachama atainua mkono wake.

Sisi wa ofisi ya Tawi tunasema hapana kwa yote matatu, na tunasema mapema ili kila mtu apate nafasi ya kupima. Adui atambuliwe kwanza: sura yake, umri wake na makao yake. Askari hapigi risasi gizani. Na mkulima asimwage dawa kabla ya kujua anammwagia nani.

Tunaomba msome polepole. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake. Sisi wenyewe ni watu wa kisomo cha jioni, kile mnachokiita ngumbaru, na tunajua hakuna aibu katika kuuliza herufi wala katika kuuliza mdudu.

MDUDU MWENYEWE NI NANI?

Siku ya kuvuna kamati ya shamba ilipasua viazi mbele ya watu. Ndani ya baadhi yake walikutwa mabuu wembamba, wa manjano inayokaribia kahawia, waliong'aa kama wamepakwa mafuta. Ngozi yao ni ngumu. Kiwavi ukimbana kwa vidole hupasuka, lakini huyu huteleza tu. Miguu yake ni sita na yote iko mbele, karibu na kichwa. Mkubwa kati yao tulimpima kwa rula darasani, akafika sentimeta 2. Kwa ugumu wake Waingereza humwita mnyoo wa waya, ingawa si mnyoo hata kidogo. Hapa ubaoni tutamwita buu-waya.

Buu-waya ni mtoto. Wazazi wake mnawafahamu, ila hamkujua kuwa ni wazazi wake. Ni yule mdudu mwembamba, mrefu, wa kahawia au mweusi, anayekuja kwenye taa usiku wakati wa mvua. Ukimgusa hukunja miguu akajifanya amekufa. Mlaze chali juu ya meza: atatulia kidogo, halafu tak! anaruka juu, anapinduka hewani, anaanguka. Akianguka chali tena, tak! anarudia. Nani kati yetu hakumchezea utotoni? Huyo tutamwita mfyatukaji, kwa sababu anafanya kama mtego unavyofanya.

Mtego wenyewe uko kifuani. Chini ya kifua chake ana kijiti kigumu kinachoelekea nyuma, na nyuma ya kijiti kuna kishimo. Mdudu akiwa chali hujikunja mgongo mpaka kijiti kikwame kwenye ukingo wa kishimo. Nguvu hujaa, kisha kijiti huchomoka na kutumbukia ndani ghafla. Hiyo ndiyo tak mnayoisikia. Hutupwa juu hata sentimeta 30, na miguu haikufanya kazi yoyote. Hivyo ndivyo anavyojiokoa na ndege, na hivyo ndivyo anavyosimama tena akiwa ameanguka chali.

Alama za mfyatukaji ni hizi, zikaririwe:

1. Mwili ni mrefu, umechongoka mbele na nyuma.

2. Sehemu ya mbele, ile inayofuata kichwa, ina kona mbili za nyuma zilizochongoka kama miiba.

3. Akilazwa chali hufyatuka na kulia tak.

Alama ya tatu ndiyo hakimu. Mdudu mkubwa wa aina yoyote anayefanana naye lakini hafyatuki, huyo si yeye.

SI KILA MFYATUKAJI NI ADUI

Ndugu, ukoo wa wafyatukaji ni mkubwa sana. Wataalamu wamehesabu aina karibu 10,000 duniani, nao hawaishi mahali pamoja wala hawali chakula kimoja. Wapo ambao mabuu wao hukaa ndani ya magogo yaliyooza, wakiwinda mabuu wa wadudu wengine. Hao hawajawahi kuonja kiazi, na tungekuwa na haki ya kuwashukuru.

Yupo na yule mkubwa ambaye waliokwenda nchi ya chini, kwenye joto na vichuguu, wamemwona taani akawatisha. Jina lake la kitaalamu ni Tetralobus flabellicornis. Ni mfyatukaji wa Afrika, na wengine hufika sentimeta 7. Dume ana papasi zilizotanuka kama kipepeo cha kupepelea moto. Watu humwua kwa kumwogopa. Lakini mabuu wake hukulia ndani ya vichuguu vya mchwa, si katika mashamba ya viazi. Kumwua huyo kwa kosa la binamu yake ni sawa na kumfunga mtu kwa sababu ya jina la ukoo.

Tunayemtafuta sisi ni mfyatukaji wa majani: yule ambaye makao yake ni udongo wenye majani, na chakula chake ni mizizi, mbegu inayoota, na kiazi.

MAISHA YAKE CHINI YA UDONGO

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu, kwa hiyo tunaomba msiruke.

Mfyatukaji jike hutaga mayai yake udongoni, penye majani mengi na unyevunyevu. Malisho ya zamani ndiyo nyumba anayoipenda. Mayai ni madogo mno, karibu nusu milimita tu, na jike mmoja anaweza kutaga zaidi ya 100. Jua kali likiupiga udongo uliofunuliwa, mayai hukauka. Majani yakiufunika, mayai husalimika.

Baada ya wiki kadhaa mabuu huanguliwa, nao hukaa udongoni muda mrefu kuliko mtu anavyodhani. Wale wa Ulaya waitwao Agriotes, ambao wamechunguzwa sana kwa sababu hula viazi na ngano, hukaa katika hali ya ubuu miaka 4 hadi 5. Katika nchi zenye joto wapo wanaokua upesi. Kusini mwa Marekani kuna wanaomaliza mzunguko wote ndani ya mwaka 1. Basi tuseme kwa hesabu ya haraka ni mwaka, na kwa hesabu ya polepole ni miaka. Hakuna hesabu ya wiki mbili tatu.

Buu akikomaa hujitengenezea kichumba udongoni na kuwa pupa. Pupa ni mweupe, laini, hali wala hatembei. Hukaa hivyo wiki tatu au nne, kisha hugeuka kuwa mfyatukaji kamili, hutoka juu, hutafuta mwenzake, na jike hurudi majanini kutaga. Mfyatukaji mpevu mwenyewe hali viazi vyetu. Anayekula ni mtoto, na mtoto hatumwoni.

Jambo jingine: buu-waya hupanda na kushuka. Udongo ukiwa na unyevu huja juu kwenye mizizi. Udongo ukikauka na kupata moto hushuka chini kabisa kutafuta ubaridi. Hili tulikumbuke tutakapofika kwenye dawa.

WASIOFAA KUCHANGANYWA NAYE

Matundu ya viazi yana wenyewe wengi. Tuwatenganishe hivi:

1. BUU-WAYA hutoboa tundu la duara, dogo, kama limetobolewa kwa msumari mwembamba, na njia yake huingia ndani ikiwa safi, haina uchafu mwingi.

2. KIWAVI WA NONDO WA VIAZI ni laini, mweupe au mwekundu kidogo. Njia zake hujaa kinyesi cheusi, na huendelea kula hata ghalani. Huyu kweli anaweza kusafiri ndani ya kiazi cha mbegu.

3. SOTA ni mnene, wa kijivu, laini, na ukimgusa hujikunja kama duara. Hukata miche usiku, na kwenye kiazi huacha shimo pana.

4. FUNZA MWEUPE MNENE aliyejikunja, mwenye kichwa cha kahawia, ni mtoto wa mbawakawa wengine. Naye hula mashimo mapana.

5. JONGOO ana miguu mingi mwili mzima. Hana haja ya maelezo.

6. BUU-WAYA WA UONGO. Huyu ndiye mwenye kudanganya. Naye ni mgumu, mrefu, wa manjano. Lakini ukimtazama vizuri, miguu yake miwili ya mbele ni minene kuliko mingine, na papasi zake fupi zinaonekana wazi kichwani. Wazazi wake ni wale wadudu wa rangi ya vumbi, wanaotembea ardhini wakiwa wamejaa udongo mgongoni. Mmoja wao, Gonocephalum simplex, anajulikana sana Afrika Mashariki kwa kutafuna magamba ya mibuni michanga. Mlaze chali huyo: atapigapiga miguu mpaka asubuhi, hatafyatuka.

Katika viazi vilivyopasuliwa siku ile, matundu yalikuwa ya duara na safi, na mabuu walikuwa na miguu sita ya kulingana. Mabuu hao wako kwenye chupa yenye udongo katika darasa la kisomo. Mwenye shaka aje jioni yoyote aangalie kwa macho yake, mlango uko wazi.

JUU YA MBEGU YA AKINA MAMA

Sasa tuseme la mbegu, maana linahusu fedha na heshima ya watu.

Kikundi cha akina mama kilituuzia mbegu. Sehemu ya mbegu hiyo ilipandwa shamba jipya, lile lililokuwa malisho tangu wazee wetu. Sehemu ilipandwa shamba la zamani, lile tunalolima mahindi na maharage kila mwaka. Mbegu moja, wiki moja, mikono ile ile. Shamba la zamani lilitoa viazi safi, na mnunuzi alivichukua vyote bila neno. Shamba jipya ndilo lililotoa matundu. Hivi ndugu zangu, mbegu ingekuwa na kosa ingechagua shamba?

Tuongeze hesabu ya umri. Viazi vilikaa ardhini miezi minne. Buu wa sentimeta 2 kwa kawaida hakui kwa miezi minne kutoka yai. Yaelekea alikuwamo udongoni kabla kiazi cha kwanza hakijafukiwa. Alizaliwa kwenye majani ya malisho, akawa anakula mizizi ya majani. Jembe lilipopita, majani yakafa, akabaki na njaa. Halafu chakula kikaletwa mpaka mlangoni kwake: viazi. Je, afanyeje?

Wala hili halikuanza kwetu. Uingereza ilipoingia vitani mwaka 1939 ilihitaji chakula kingi, na malisho ya miaka mingi yakalimwa yapandwe ngano na viazi. Mabuu-waya waliokuwa wakila majani kimya kimya wakageukia mazao. Serikali yao ikapeleka wataalamu mashambani wachukue udongo, wahesabu mabuu, na wamwambie mkulima shamba hili lina wengi na lile lina wachache, ndipo apange la kupanda. Tunazingatia hapo: watu waliokuwa vitani, wenye njaa na haraka, walipata muda wa kuchimba na kuhesabu. Sisi tusio vitani tunakosaje?

Kwa hiyo tunasema wazi: akina mama walipwe fedha yao yote. Kuwanyima ni kuwatoza faini kwa kosa la mdudu. Tena mwakani tutahitaji mbegu, na mwenye mbegu safi akikataa kutuuzia tutakwenda kununua kwa mtu tusiyemjua, kwa bei asiyoona haya kuitaja. Ushirika ni kuaminiana, na imani ikivunjika haishonwi kwa sindano.

JUU YA UNGA WA GHALANI

Tuje kwenye ule unga. Mifuko imechanika, karatasi za maandishi zimeliwa na panya, na hakuna anayejua ndani mna nini. Wazee wanasema ni dawa ile ya zamani iliyokuwa ikimaliza kila kitu. Tunaamini kuwa ilimaliza. Na hiyo ndiyo hofu yetu.

Dawa ya zamani iliyotumika duniani kuua mabuu-waya ni lindeni. Iliua kweli. Lakini ilibainika kwamba haiishi udongoni upesi, huingia kwenye chakula, kwenye maziwa, na mwilini mwa mtu. Mwaka 2009 mataifa yaliyo katika Mkataba wa Stockholm yaliiweka kwenye orodha ya dawa za kukomeshwa katika kilimo. DDT nayo haitakiwi tena mashambani. Mkataba huo uliibakizia nafasi ya kupambana na wadudu waenezao magonjwa tu.

Na mfano uko nchini mwetu. Vikuge, Kibaha, Mkoa wa Pwani, zilihifadhiwa dawa za unga zilizoletwa kama msaada katika miaka ya 1980. Banda lilianguka, dawa zikanyeshewa. Miaka mingi baadaye udongo ulipopimwa ulikutwa bado una DDT na HCH, na lindeni ni mmoja wa ukoo huo wa HCH. Dawa ilimaliza kazi yake zamani, lakini sumu haikuondoka. Shamba letu jipya liko juu ya kisima. Mvua ikinyesha maji yataelekea wapi? Kila mtu anajua jibu, maana kila mtu anateka hapo.

Tunashauri ghala hilo lifungwe kwa kufuli leo, watoto wakatazwe kucheza karibu, mtu asiguse mfuko kwa mkono, na Bwana au Bibi Shamba apelekewe barua ili wenye kazi hiyo waje wauondoe. Nchi ina Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na hiyo ni kazi yake. Usizikwe ule unga, usichomwe moto, na mifuko isioshwe kuwekea mahindi. Tumesikia mtu akiiulizia mifuko hiyo. Tunamwomba aache.

JUU YA DAWA MPYA

Hatusemi dawa zote ni mbaya. Tunasema dawa ni ya mwisho katika foleni, si ya kwanza. Kwa nini?

Kwanza, wakati huu udongo unaanza kukauka. Mabuu wanashuka chini. Dawa ya kupuliza juu ya ardhi itaua wadudu wa juu, pamoja na sisimizi na siafu wanaotusaidia kuwinda, na buu-waya atabaki kule chini akipumzika.

Pili, hatujui wako wangapi. Pengine wamejaa shamba zima, pengine wako upande wa juu tu wenye majani mengi. Kununua dawa ya shamba zima kwa tatizo la kona moja ni kutupa fedha ya mfuko. Fedha hiyo ndiyo ya mbegu ya mwakani, na ndiyo tuliyoahidi bati la ghala.

Tatu, tukikuta kwa kuhesabu kwamba dawa inahitajika, basi inunuliwe dawa iliyosajiliwa kwa mdudu huyo na zao hilo, kwa ushauri wa mtaalamu, na maandishi yake yasomwe mbele ya watu kabla ya chupa kufunguliwa. Kisomo tulichosoma ni cha kazi gani kama hatusomi karatasi ya sumu?

YA KUFANYA

Tunapendekeza haya, yajadiliwe na Mkutano Mkuu:

1. KUCHIMBA NA KUHESABU. Udongo bado una unyevu, mabuu bado wako juu. Tukingoja Julai tutachimba vumbi. Yachimbwe mashimo 20 yaliyotawanyika shamba lote, kila moja upana wa sentimeta 30 kila upande na kina cha sentimeta 20. Udongo umwagwe juu ya gunia, uchambuliwe kwa vidole, mabuu wahesabiwe, na hesabu ya kila shimo iandikwe daftarini pamoja na mahali pake. Shamba la zamani nalo lichimbwe mashimo machache, tulinganishe.

2. KUTEGA. Kata kiazi vipande, choma kila kipande kwa kijiti, kifukie sentimeta 10, kijiti kibaki kimesimama kuwa alama. Baada ya siku tano hadi saba fukua uone aliyekuja. Au fukia konzi ya mahindi yaliyolowekwa. Mbegu inayoota hutoa hewa ya kaboni daioksaidi, na buu-waya huifuata hewa hiyo kama mtu anavyofuata harufu ya nyama ya kuchoma. Mtego hauwamalizi, lakini unatuambia wako wapi.

3. KUPINDUA UDONGO. Wakati wa kiangazi shamba lipigwe jembe mara mbili, kwa nafasi. Mabuu na pupa wakiletwa juu, jua litawakausha na kuku watawamaliza. Wenye kuku karibu wawaachie siku hizo. Yangeyange na kunguru hawahitaji mwaliko.

4. KUONDOA MAJANI. Sangari iondolewe na mizizi yake. Shamba likikaa bila majani, mfyatukaji jike hatapata pa kutaga, na watoto waliomo hawatapata ndugu wapya.

5. KUBADILISHA ZAO. Mwaka ujao shamba jipya lisipandwe viazi. Lipandwe maharage au njegere, ambazo buu-waya hazidhuru sana kama anavyodhuru viazi na nafaka. Viazi virudi tutakapochimba tena na kukuta wamepungua. Kumbukeni umri wake: mwaka mmoja huenda usitoshe.

6. KUVUNA MAPEMA. Wengi katika kijiji huacha viazi ardhini vikiwa vimekomaa, wakingojea bei ipande. Kila wiki ya kungoja ni wiki ya karamu kwa buu-waya. Viazi vya mahali penye mdudu huyu vivunwe vikikomaa tu.

Mtu atauliza: kazi yote hiyo ni ya nani? Ni yetu. Na atauliza tena: hakuna njia fupi? Tungekuwa nayo tungeiandika kwa wino mwekundu. Mdudu aliyekaa miaka udongoni haondoki kwa asubuhi moja, na anayeahidi hivyo anauza kitu.

Mwingine amesema tuliache shamba lirudi kuwa malisho. Hilo nalo tulipime. Majani yakirudi, mfyatukaji atarudi kwa furaha, na watoto wetu watakapolima tena watavuna matundu yale yale. Shamba lililofunguliwa kwa jasho la kijiji kizima lisifungwe kwa hofu ya mdudu wa sentimeta 2.

MWISHO

Zamani tulifundishwa kuwa maadui wa nchi yetu ni ujinga, umaskini na maradhi. Katika jambo hili wote watatu wanaonekana wakifuatana kwa mstari. Tusipomjua mdudu, huo ni ujinga. Ujinga utatufanya tumwage fedha ya mfuko, na huo utakuwa umaskini. Tukifungua mifuko ile juu ya kisima, maradhi yatafuata. Wa kwanza akizuiwa mlangoni, wenzake hawana wa kuwaongoza.

Jumamosi saa moja asubuhi tukutane shamba jipya. Kila nyumba ilete mtu mmoja, jembe moja na gunia moja. Wanakisomo walete daftari na kalamu, maana wao ndio watakaoandika hesabu. Watoto waruhusiwe kuja; macho yao yanaona mabuu upesi kuliko yetu, na wanajua kumfyatua mdudu kuliko mzee yeyote.

Jumapili hesabu itabandikwa hapa ubaoni, shimo kwa shimo, bila kuficha. Asiyekubaliana nasi aandike maoni yake, nayo yabandikwe hapa hapa pembeni ya haya. Lakini aje amechimba.

Wenu katika kazi,

KATIBU WA TAWI
kwa niaba ya ofisi na darasa la kisomo cha jioni